Upande wa Pili

Kazi yangu ni kuita majina.
Nasimama mlangoni, Mahakama ya Mwanzo, Tanga mjini,
naita mara tatu kwa sauti ya juu,
kisha naandika nani kaja
na nani kajificha nyuma ya homa.
Miaka kumi na tisa.
Neno *mdaawa* limenizoea kama kikohozi.

Jumanne ile faili lilikuwa jembamba:
Mwantumu binti Jambia, fundi cherehani,
Ngamiani, barabara ya kumi na moja,
dhidi ya —
hapo kalamu ikasita.
Dhidi ya Chama, alisema. Andika Chama.
Chama gani, mama?
Akafungua pochi, akanionyesha kadi,
picha ya ujana wake imefifia,
ada imelipwa hadi Desemba.
Hiki hiki. Changu.

Walipanga kibaraza chake, wakasimika mlingoti
kati ya cherehani na pipa la maji,
wakaandika TAWI kwa rangi iliyochuruzika,
na kodi ya miezi kumi na minne
ikabaki kuwa salamu.
Kila akidai, huambiwa: wewe ni mwenzetu.
Mwenzetu!
Neno hilo halijawahi kununua uzi.

Hakimu akavua miwani.
Tawi, alisema, si mtu.
Halina mkono wa kusaini
wala shingo ya kubebea deni.
Washitakiwe wadhamini; wana muhuri, wako makao makuu.
Mama, kairekebishe hati yako.
Bwana Semgaya, mwenyekiti wa tawi,
akaitikia kwa kichwa, meno yote nje,
kisha akayafunika taratibu:
ameshinda kwa kuambiwa yeye si kitu.

Nami nikawaza, wino ukinikaukia.
Chama kinajaza uwanja,
kinafunga barabara, kinapigisha spika hadi alfajiri,
lakini mbele ya meza hii ya mninga
hakipati kuwa hata mdaawa mmoja
mpaka apatikane mtu wa kuitika "Nipo".
Na mwanamke mwenye tepu shingoni,
aliyekuja kwa miguu,
ni upande mzima.

Hakulia. Alinikuta koridoni, akauliza:
"Wakisema upande, ni kama upande wa kanga?"
Nikasema, labda.
"Basi kanga haiuzwi upande mmoja.
Doti ni pande mbili, maneno yale yale huku na huku,
mwenye mkasi ndiye huzitenga.
Nimekata doti ngapi mimi?
Sijasikia upande ukiuambia mwenziwe:
kwa kuwa tu wamoja, sikulipi."
Akacheka peke yake
akashuka ngazi kutafuta anwani ya wadhamini.

Mimi kazi yangu hainiruhusu kadi.
Chama sina, na kortini sina upande,
naziita pande zote mbili kwa sauti ile ile.
Mke wangu hunitania:
wewe ni pindo, bwana. Mji huna.

Nina chama cha kuzikana tu, cha mtaani.
Hakina bendera. Kina sanda mbili kabatini,
masufuria matatu, moja limetoboka,
na daftari la mistari.
Mweka hazina ni Mwantumu.

Jumamosi Semgaya alifika wa kwanza, kofia mkononi,
akatoa elfu mbili, noti mpya isiyokunjwa.
Huku hajawahi kukosa hata mwezi mmoja.
Mwantumu akaishika noti mwangani,
akamwandikia risiti,
akaisoma upya, polepole, neno kwa neno,
akamkata jicho,
akaongeza na saa.